Koo Lako na Upasuaji wa Moyo: Maelezo kwa Wagonjwa wa Kilwa na Lindi

Shangazi yangu wa Kivinje alipozinduka baada ya kupasuliwa moyo, jambo la kwanza alilolalamikia halikuwa kidonda cha kifua. Lilikuwa koo. Sauti ilikuwa haijarudi, kwa hiyo aliandika kwa kidole kwenye kiganja cha binti yake: mmenifanya nini kooni? Binti hakuwa na jibu. Walikuwa wameelezwa habari ya vali, ya mashine ya moyo na mapafu, ya damu ya kuongezewa. Hakuna aliyewaambia kwamba akiwa usingizini angepitishiwa mpira wenye ultrasaundi hadi nyuma ya moyo, ukae humo muda wote wa upasuaji. Siku mbili nzima alikataa uji, akiamini kuna kitu kimesahaulika ndani.

Siku ya tatu koo lilitulia, akala. Ila naye alikuwa na lake ambalo hakulisema. Miaka kadhaa nyuma alikwamwa na mwiba wa samaki, ukatolewa hospitali, na tangu hapo tonge kavu humlazimu kusukumia na maji. Alipoulizwa kama ana ugonjwa mwingine, alijibu hana. Alikuja kwa ajili ya moyo. Koo alilihesabu kuwa jambo la nyumbani. Alinusurika, na nashukuru, lakini daktari wa usingizi angelijua hilo mapema angeupitisha mpira kwa hadhari zaidi, au asingeupitisha kabisa. Haya ninayoandika ndiyo ambayo ningependa yeye na binti yake wangeambiwa kabla ya kupanda basi pale Nangurukuru.

Kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti watu wengi wanakiita eko. Unalala ubavu wa kushoto, unapakwa jeli kifuani, na mpimaji anapitisha kifaa kati ya mbavu huku akitazama kioo. Ni ultrasaundi ileile anayopimiwa mjamzito, ila hii imeelekezwa kwenye moyo. Mgonjwa yeyote anayepewa rufaa ya moyo atapita hapo kwanza, na mara nyingi eko hiyo ya kifuani inatosha kutambua ugonjwa.

Eko ya kooni inafanya kazi hiyohiyo kwa kupita njia ya chakula. Mpira wake una urefu unaokaribia mita 1 na unene kama wa kidole. Kwenye ncha kuna kifaa kinachotoa na kupokea sauti kali mno ambayo sikio la mtu haliisikii. Kwenye mpini kuna magurudumu mawili ya kukunja ncha, mbele na nyuma, kulia na kushoto, na kitufe cha kuzungusha upande wa picha kutoka nyuzi 0 hadi 180 bila kusogeza mpira wenyewe. Anayeshika mpini huo wakati wa upasuaji kwa kawaida ni daktari wa usingizi, aliyekaa upande wa kichwa cha mgonjwa.

Kwa nini kooni? Kwa sababu umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni, unashuka nyuma kabisa ya moyo, na chumba cha juu cha kushoto cha moyo kimeuegemea. Mfupa na hewa ndivyo vinavyoishinda ultrasaundi: ukipimia kifuani, mbavu na mapafu hukinga njia. Kutoka ndani ya umio hakuna mbavu wala pafu mbele ya moyo. Tena, kifua kikishafunguliwa, mikono ya daktari mpasuaji imejaa hapo mbele. Hakuna pa kuweka kifaa kingine. Njia ya nyuma ndiyo iliyobaki.

Mvuvi wa Songosongo mwenye kifaa cha kutafutia samaki ameshaona kanuni hii ikifanya kazi. Sauti inashuka, inagonga kitu, inarudi, na muda iliotumia kurudi ndio unaochora picha. Kipimo cha moyo chenyewe kilizaliwa karibu na vyombo vya baharini. Mwaka 1953 huko Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walianza majaribio yao kwa mashine ya sauti iliyokuwa ikitumika kukagua vyuma kwenye karakana ya meli ya Kockums, mjini Malmö. Mwaka 1976 Leon Frazin na wenzake nchini Marekani wakaonyesha kwamba moyo unaweza kupimwa kupitia umio, na katika miaka ya 1980 mipira inayokunjika na kutoa picha kamili ikaingia vyumba vya upasuaji.

Sasa nikupeleke ndani ya chumba hicho, kwenye dakika ambazo mpira huu unastahili heshima yake yote.

Vali iliyokuwa ikivuja imeshashonwa. Moyo bado umesimama, na mashine ndiyo inayosukuma damu mwilini. Mpasuaji anamimina maji ya chumvi ndani ya chumba cha chini cha moyo kuona kama vali inafunga. Jaribio hilo linasaidia, lakini moyo uliolala haufanani na moyo unaopiga. Fundi wa jahazi anaelewa: akishapiga kalafati kwenye nyufa, atakagua chombo kikiwa mchangani apendavyo, lakini jibu la mwisho liko majini. Basi moyo unaamshwa, damu inarudi kupita humo, mashine inapunguzwa taratibu, na macho yote yanageukia kioo cha daktari wa usingizi.

Kitu cha kwanza kinachotafutwa ni hewa. Moyo ukishafunguliwa hewa huingia, na kwenye kioo huonekana kama vidoa vyeupe vinavyometa na kuzunguka ndani ya chumba. Kidoa kikisafiri kwenda kwenye ubongo au kwenye mishipa inayolisha moyo wenyewe, kinaleta madhara. Kwa hiyo hewa inanyonywa, na daktari anaendelea kutazama mpaka vidoa vipungue na kwisha.

Kisha vali. Picha ya eko ya kooni imekaa kichwa chini: chumba kilicho karibu na mpira ndicho kinachotokea juu ya kioo. Damu inayouelekea mpira huchorwa nyekundu, inayokwenda mbali nao huchorwa bluu, na inayopita kwa msukosuko hutoka na rangi zilizovurugika. Vali ikiwa bado inavuja, kila moyo unapojikaza mchirizi wa rangi hizo unarukia juu, ndani ya chumba cha kushoto. Mchirizi mwembamba unaweza kuachwa. Ukiwa mpana, mgonjwa anarudishwa kwenye mashine palepale, kifua kikiwa bado wazi, na vali inashonwa upya au inawekwa nyingine.

Kwa mtu wa pwani ya kusini, neno hilo "palepale" lina uzito wa pekee. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walipelekwa nje ya nchi, hasa India. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, ilianzishwa mwaka 2015 hapohapo Muhimbili, na ndiyo inayopokea rufaa za moyo kutoka kwetu. Kutoka Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Kutoka Lindi mjini ni karibu 450. Wazee wanakumbuka kivuko cha Ndundu kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, na hata sasa barabara ni moja: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zake, ilikatika upande wa Somanga na mabasi yakakwama. Kugundua wiki tatu baadaye kwamba vali bado inavuja si jambo la kurudi kesho kliniki. Ni nauli mbili, mgonjwa na msindikizaji, ni mahali pa kulala mjini, na ni kifua kufunguliwa mara ya pili.

Kuna na suala la vali ya chuma. Aliyewekewa hiyo hunywa warfarini maisha yake yote ili damu isigande, na damu hiyo lazima ipimwe mara kwa mara, kwani dawa ikizidi utavuja damu na ikipungua vali itaziba. Kwa mwanamke anayetaka kuzaa, warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ndiyo maana inapowezekana mpasuaji hupendelea kuitengeneza vali ya asili kuliko kuibadilisha, na eko ya kooni inampa ujasiri wa kujaribu, kwa kuwa atajua matokeo kabla hajafunga kifua. Si kila vali inatengenezeka. Vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi mara nyingi zimekakamaa na kushikana, na hapo hakuna namna ila kubadilisha.

Mpira una kazi nyingine, ya dharura. Shinikizo la damu la mgonjwa aliye usingizini likishuka ghafla, namba kwenye mashine inakuambia limeshuka, haikuambii sababu. Inawezekana damu imepungua mwilini. Kwenye kioo utaona chumba cha chini ni kidogo, kuta zake karibu zinagusana. Inawezekana moyo umechoka. Chumba kimejaa na kutanuka, kuta zinatikisika kidogo tu. Inawezekana damu imejikusanya nje ya moyo na kuubana. Wa kwanza anahitaji maji au damu. Wa pili ukimjaza maji unamzidishia mzigo, anahitaji dawa ya kuupa moyo nguvu. Wa tatu anahitaji kisu, na haraka. Bila picha daktari hufanya makisio, na kwa mgonjwa wa moyo makisio mabaya hayasamehe.

Nisije nikamtia mtu hofu bure: wengi mnaokwenda kupasuliwa katika hospitali zetu hamtapitishiwa mpira huu. Mwenye busha au ngiri mara nyingi huchomwa sindano ya mgongo au ganzi ya mahali, anabaki macho. Mama anayejifungua kwa upasuaji vivyo hivyo. Eko ya kooni ni ya upasuaji wa moyo na mishipa mikubwa, au ya mgonjwa ambaye moyo wake ni dhaifu na upasuaji wake ni mzito. Wapo pia wanaopimwa hivyo kliniki bila kupasuliwa, kwa mfano kutafuta damu iliyoganda ndani ya moyo. Hao hupuliziwa ganzi kooni na kupewa dawa ya kuwatuliza, na hawatakiwi kula wala kunywa mpaka ganzi iishe, wasije wakapaliwa.

Sasa narudi kwenye koo lako, maana mashine inaona moyo lakini haijui historia ya njia inayopita.

Kabla ya upasuaji, daktari wa usingizi atakuja kuzungumza nawe. Watu wengi wa kwetu huyajibu mazungumzo hayo kwa adabu na kwa ufupi: hamna tatizo, daktari. Tafadhali, siku hiyo usifupishe. Kama tonge hukwama, sema. Kama ugali mkavu au mhogo hushuka kwa shida, au umeanza kupendelea uji na supu bila kujua kwa nini, sema. Umio ulioziba au wenye uvimbe unaweza kutobolewa na mpira, na saratani ya umio si ngeni Afrika Mashariki. Kama uliwahi kukwamwa na mwiba ukatolewa hospitali, au ulijitibu kwa kumeza matonge makavu na maumivu yakakaa siku nyingi, sema. Kama utotoni ulikunywa kimakosa kostiki ya kutengenezea sabuni au maji ya betri, hilo ni kubwa: huacha kovu linaloubana umio maisha yote. Kama ulipasuliwa koo au tumbo, au ulichomwa mionzi shingoni au kifuani, sema.

Kama uliwahi kutapika damu, hata mara moja, hata miaka kumi iliyopita, sema. Ini likiugua, mishipa ya damu ndani ya umio huvimba na inaweza kupasuka ikiguswa. Kichocho kilichozoeleka huku pwani ni cha mkojo, lakini waliokaa miaka kanda ya ziwa kwa uvuvi au kazi wanaweza kuwa na kile cha tumbo, ambacho hushambulia ini. Daktari hawezi kuyajua maisha yako ya Mwanza kwa kuangalia anwani ya Kilwa.

Wengine mlikatwa kimeo mkiwa wadogo. Taja na hilo, daktari achungulie kama kuna kovu. Na hapa naomba niseme na wazazi. Kikohozi kisichoisha cha mtoto hakitibiwi kwa kukata kimeo. Mtoto anaweza kuvuja damu au kupata uambukizo, na wakati huo kinachomkohoza, ambacho huenda kikawa pafu au moyo wenyewe, kinaendelea. Mafindofindo nayo yasidharauliwe. Ugonjwa wa vali kwa vijana wengi ulianza hapo: koo lililoshambuliwa na bakteria aina ya streptokoka, kisha homa na maungo kuvimba, kisha miaka ya kimya, kisha kuhema ukipanda ngazi au ukibeba ujauzito. Koo lililotibiwa vizuri kwa penisilini utotoni huenda lingeokoa vali. Aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, na ratiba hiyo asiikatize kwa sababu anajisikia mzima.

Meno pia. Jino linalolegea lioneshe kwa kidole. Meno ya bandia yavuliwe na apewe ndugu, yafungwe kwenye kitambaa. Usione haya, hakuna atakayekucheka. Taja kila dawa unayotumia, ya hospitali na ya mitishamba, hasa za kuzuia damu kuganda. Usizikatishe mwenyewe wala usizifiche.

Kuhusu kufunga: kawaida ni saa 6 bila chakula, na maji matupu huruhusiwa hadi saa 2 kabla ya usingizi, lakini fuata ulichoambiwa wodini kwako. Chai ya maziwa si maji, inahesabiwa chakula. Ndugu wanaoleta uji alfajiri kwa mapenzi waelezwe mapema.

Ukiwa umelala kabisa na mrija wa kupumulia umeshawekwa, ndipo mpira wa eko unapakwa jeli, taya linainuliwa, na unateremshwa taratibu bila kusukumwa kwa nguvu. Ukigoma, daktari makini huacha. Kinywani huwekwa kinga ya meno. Hutasikia chochote.

Madhara yapo na una haki ya kuyajua kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa. Yaliyo mengi ni madogo: koo kuwasha, sauti kukwaruza, mdomo kuchubuka, uchungu wa kumeza kwa siku moja au mbili. Sehemu ya hayo husababishwa na mrija wa kupumulia. Mara chache jino huvunjika au umio huvuja damu, na mara chache zaidi umio hutoboka. Katika uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, kati ya wagonjwa 7,200 wa upasuaji wa moyo, waliopata tatizo lililotokana na mpira walikuwa 0.2 kwa kila 100, na hakuna aliyekufa kwa sababu yake. Kwa mgonjwa wa vali, naona faida inazidi hatari kwa mbali, mradi koo limesemwa ukweli.

Basi uliza. "Daktari, mtapitisha eko kooni? Nani ataisoma? Mwanangu anaruhusiwa kujua mlichokiona?" Ni maswali ya heshima na madaktari huyapenda. Omba majibu ya eko ya mwisho, ile iliyopigwa kabla kifua hakijafungwa, yaandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Yatakuwa kipimo cha kulinganishia kila utakapopimwa tena.

Anayeanza safari hii ahudhurie kwanza kituo chake, apate barua ya rufaa kupitia Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga pale Kivinje au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, Lindi. JKCI nayo hupeleka mabingwa mikoani kwa huduma ya tiba mkoba. Sikiliza matangazo ya redio na ya hospitali. Asiye na bima asikae nyumbani kwa kuogopa gharama, aanze kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Na ukisharudi Kilwa, jambo moja usilichelewe. Koo la kuwasha linapoa siku hadi siku. Lakini ukiona maumivu ya kumeza yanazidi badala ya kupungua, homa, maumivu ya shingo au kifua yaliyo tofauti na ya kidonda, shingo imevimba na ukiibonyeza ngozi inalia kama mchanga mkavu, au unatapika damu, hiyo inaweza kuwa dalili ya umio uliotoboka. Usile, usinywe, usimeze tonge kulisukuma. Nenda Kinyonga au hospitali iliyo karibu usiku huohuo, chukua karatasi yako ya kuruhusiwa, na neno la kwanza utakalomwambia mpokeaji liwe hili: nilipasuliwa moyo, na nilipitishiwa mpira wa eko kooni. Wao watapiga simu Dar es Salaam. Wewe usisubiri basi la asubuhi.